Mchoro Uliofunga Machimbo ya Kivu

Tarehe 21 Julai 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria ndefu ya kuzibana benki za Marekani, iliyotungwa baada ya msukosuko wa fedha wa 2008. Humo ndani, mbali kabisa na habari za mikopo na hisa, kilikaa kifungu cha 1502 kinachohusu Kongo. Kampuni zilizo kwenye masoko ya hisa ya Marekani ziliamriwa zichunguze kama bati, tantali, wolframu na dhahabu iliyomo katika bidhaa zao imetoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo au nchi yoyote inayopakana nayo, kisha zitangaze hadharani zilichokigundua. Tanzania nayo, kwa kuwa inapakana na Kongo katika Ziwa Tanganyika, ikaingia kwenye hesabu. Mchimba bati wa Kyerwa mkoani Kagera, mahali pasipo na mwasi wa kumtoza hata shilingi moja, madini yake yakawa ya kuulizwa maswali sawa na ya Walikale, mashariki ya Kongo.

Nia ya sheria hiyo ilikuwa njema, na sitaki msomaji anielewe vingine. Mashirika kama Global Witness na Enough Project yalikuwa yamekusanya ushahidi kwa miaka: watu waliouawa, wanawake waliobakwa, wenye silaha wa kila upande waliotajirika mashimoni. Lakini ushahidi huo ulipofika Washington ulikuwa umeshapunguzwa ukawa mchoro wa mishale inayofuatana: madini yanazaa fedha, fedha zinanunua bunduki, bunduki zinaua watu. Ukikata mshale wa kwanza, wa mwisho utakatika wenyewe. Kisa cha mchoro huo nakisimulia kwa ajili ya vijana wetu wanaosomea takwimu, uchumi na mazingira. Miaka si mingi watakuwa wao ndio wanaochora, na wengi watakaoishi ndani ya michoro yao hawatakuwapo mezani kusema neno.

Mchoro haukutoka hewani. Mwaka 2000 bei ya koltani, jiwe jeusi linalotoa tantali ya simu na kompyuta, ilipaa mara kadhaa ndani ya miezi michache, na mwaka uliofuata ikaanguka. Mashariki ya Kongo wakati huo ilikuwa mikononi mwa waasi wa RCD waliokaa Goma. Watu waliacha mihogo na maharage shambani wakakimbilia vilimani. Wengine waliingia hadi ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, wakachimba humo na kula nyama ya porini, mpaka tembo wa nyanda za juu wakakaribia kwisha na gorila wakapungua vibaya. Aprili 2001 jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi majeshi ya nchi jirani na washirika wao walivyokuwa wakichota mali ya Kongo. Mtu aliyeisoma ripoti ile hakuhitaji kushawishiwa kwamba madini na vita vina undugu.

Wasomi nao walikuwa na hesabu zao. Paul Collier na Anke Hoeffler walikusanya takwimu za vita vya wenyewe kwa wenyewe duniani kati ya 1960 na 1999, wakakuta kwamba hatari ya vita inapanda kadiri nchi inavyotegemea kuuza mali ghafi nje, na inafika kileleni pale mauzo hayo yanapokaribia theluthi moja ya pato la taifa. Hoja yao ilisambaa kwa kasi: waasi huongozwa na fursa ya kupata fedha kuliko na manung'uniko yao. Ilikuwa hoja rahisi kushika, na ilibebwa na namba.

Mwaka 2005 msomi James Fearon alizirudia takwimu hizo hizo, akakuta uhusiano ule ni dhaifu kuliko ulivyotangazwa. Ukibadilisha kidogo namna ya kuzipanga, unayeyuka. Tena liko jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa takwimu anapaswa kulikazia macho. Vita vinapoingia nchini, kiwanda cha nguo kinafungwa, shamba la chai linageuka pori, watalii wanaondoka. Kinachobaki ni shimo la mawe, kwa sababu shimo halihami. Basi nchi iliyo vitani, au inayonusa vita mlangoni, huonekana kwenye majedwali kuwa inategemea madini hata kama madini hayakuvianzisha. Mshale ambao mchoraji ameuelekeza kulia huenda unatoka kulia kwenda kushoto, au unakwenda pande zote mbili kwa wakati mmoja. Namba peke yake haimwambii upi ni upi.

Tuuache mchoro kwa muda, twende Bisie.

Bisie ni mlima wa bati ulio msituni katika wilaya ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Kasiteriti, jiwe linalotoa bati, iligunduliwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 2000, na muda si mrefu sehemu kubwa ya bati yote ya jimbo ikawa inatoka kwenye mlima huo mmoja. Barabara ya gari haikufika. Mchimbaji aliingia shimoni na nyundo, tindo na taa ya kichwani, akatoka na jiwe. Jiwe lilioshwa, likatiwa gunia la kilo 50, na mbebaji akalitia mgongoni kwa safari ndefu ya miguu kupitia matope na magogo hadi kwenye barabara. Mlimani sabuni, chumvi, mchele, bia na dawa za malaria vyote vilifika kwa migongo hiyo hiyo, na bei zake zilipanda kwa kila kilima. Kutoka huko magunia yalikwenda Kilambo, ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami ya barabara kuu, zikapakia na kuruka kwenda Goma.

Na kila hatua ilikuwa na mwenye kutoza. Mchimbaji alitoa sehemu ya mawe yake kwa wenye bunduki, au alifanya salongo, kazi ya lazima kwa faida yao. Mbebaji alilipa kwenye kizuizi cha kamba iliyofungwa kati ya miti miwili. Sasa, ni nani hao wenye bunduki? Kwa miaka kadhaa hadi 2009, iliyokaa Bisie na kutoza ilikuwa brigedi ya 85 ya jeshi la serikali lenyewe. Modeli nyingi, yaani michoro kama ule wa Washington, zilikuwa na kisanduku kimoja kilichoandikwa "waasi" na kingine kilichoandikwa "dola", na mshale wa fedha ulielekezwa kwenye kisanduku cha kwanza tu. Mtu wa Walikale angekwambia kwamba kisanduku kinachomtoza yeye hakimo mule.

Liko pia jambo dogo ambalo halikuingia kwenye hesabu ya mtu, nalo kwangu ni kubwa kuliko yote. Ndege zile hazikuja tupu. Zilileta bidhaa za dukani kutoka Goma, kisha zikarudi na bati. Mji mzima wa Walikale, pamoja na watu ambao hawajawahi kushika nyundo, ulikula, uliogea na ulitibiwa kwa nauli iliyolipwa na mawe. Mama aliyeuza maandazi, mwalimu aliyelipwa na wazazi kwa sababu mshahara wa serikali haukufika, mkulima aliyeuza ndizi zake kwa wabebaji: wote walikuwa abiria wa ndege hizo.

Septemba 2010, miezi miwili baada ya saini ya Washington, Rais Joseph Kabila alipiga marufuku uchimbaji katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ndege zikaacha kutua. Bidhaa zikaadimika, bei zikapanda, na wachimbaji wenye nguvu wakatawanyika kutafuta pa kwenda. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba katika miezi hiyo hiyo wanajeshi waliendelea kunufaika na machimbo yaliyodaiwa kufungwa. Marufuku ilimzuia asiye na bunduki, ikampisha mwenye nayo.

Machi 2011 Kabila aliiondoa marufuku. Wachimbaji walirudi vilimani wakakuta mnunuzi hayupo. Kampuni kubwa za vifaa vya elektroniki zilikuwa zimekwisha kuamua kwamba, kuanzia Aprili mwaka huo, viwanda vya kuyeyusha madini vinavyoziuzia visipokee jiwe lisilo na uthibitisho wa lilikotoka. Kifungu cha 1502 hakikukataza mtu kununua madini ya Kongo. Kilimtaka tu aeleze. Lakini kwa mfanyabiashara wa mbali, njia nyepesi ya kueleza ni kutonunua kabisa. Utaratibu wa kufunga magunia kwa lebo zenye namba ulikuwa haujafika Kivu, na ulichukua miaka kufika: eneo moja la Kalehe mwaka 2012, Rubaya mwaka 2014, huku machimbo mengi yakisubiri au yakisahauliwa. Wanunuzi wachache waliobaki walitoa bei ya kumkomoa muuzaji.

Je, bunduki zilinyamaza? Mchoro ulisema zingenyamaza. Watafiti Dominic Parker na Bryan Vadheim walilinganisha maeneo yaliyoguswa na sera hizi na yale ambayo hayakuguswa, wakakuta uporaji na mashambulizi dhidi ya raia viliongezeka palipoguswa. Mwaka 2018 Nik Stoop, Marijke Verpoorten na Peter van der Windt walitumia takwimu za miaka zaidi, wakafikia jibu la namna hiyo hiyo. Utafiti mwingine wa Parker na wenzake ndio unaonikaa moyoni. Uliangalia watoto wachanga katika vijiji vilivyo karibu na machimbo yaliyolengwa, ukakadiria kwamba vifo vyao vilipanda kutoka 60 hadi 146 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai. Watoto hao hawakupigwa risasi. Kipato cha nyumba kilikatika, na pamoja nacho chakula cha mama na nauli ya zahanati.

Ni kwa nini kukata fedha za wenye silaha kuliwafanya wawe wakali zaidi kwa raia? Jibu zuri kuliko yote niliyoyasoma limetokana na kazi ya Raúl Sánchez de la Sierra, aliyetuma watafiti vijijini katika Kivu kuuliza historia ya kila kijiji mwaka kwa mwaka. Koltani ni nzito na haifichiki; mwenye bunduki akikaa njiani ataliona kila gunia. Kwa hiyo bei yake ilipopanda mwaka 2000, makundi yalihamia kwenye machimbo, yakaweka viwango vya kutoza, na hata yakawazuia wezi wengine, maana mchimbaji aliyeporwa leo hana cha kutozwa kesho. Dhahabu ni habari nyingine. Inafichika ndani ya ngumi, hivyo kuitoza shimoni hakufai kitu, na wenye silaha wakahamia kuwatoza watu majumbani mwao. Ukimwondolea mtu wa namna hiyo kilima anachokitoza, hawi mkulima. Anabaki na bunduki, na njaa, na kijiji kisichokuwa na faida tena kwake kikiwa salama. Simsifu mtozaji huyo hata kidogo. Aliishi kwa jasho la watu maskini. Nasema tu kwamba mchoro ulimchukulia kama taa inayozimika ukikata waya, na hakuna binadamu wa namna hiyo.

Wachimbaji nao walikwenda walikoweza. Wengi walihamia kwenye dhahabu, kwa sababu dhahabu haisubiri lebo: utafiti wa Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba asilimia 98 ya dhahabu ya wachimbaji wadogo wa Kongo mwaka 2013 ilitoka nchini kwa magendo, nyingi ikipitia nchi jirani hadi Dubai. Vijana wengine walirudi kwenye mashamba ambayo hayakuwa yao tena. Wengine walijiunga na makundi. Na Aprili 2012, sheria ikiwa tayari imeanza kuuma, lilizuka kundi la waasi la M23, ambalo Novemba mwaka huo liliiteka Goma. Wakati ule halikukaa juu ya migodi mikubwa. Lilitoza malori barabarani na forodhani Bunagana. Miaka mitano baadaye watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani katika majimbo mawili ya Kivu, wakakuta karibu 800, vikitoza mkaa, mihogo, mbao, na hata mtu anayepita na kuku wake. Chochote kinachosogea kina bei. Mchoro wa madini haukuwa na mahali pa kumweka kuku huyo.

Mizizi ya ugomvi wenyewe iko wapi? Machi 1993 watu waliuawa kwenye soko la Ntoto, Walikale, na moto ukaenea wilaya jirani ya Masisi yote. Hiyo ni miaka saba kabla ya bei ya koltani kupaa. Waliouana pale waligombania ardhi, utawala wa kimila na swali la nani ni raia. Tangu 1937 Wabelgiji waliwaleta watu kutoka Rwanda kufanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Masisi. Sheria ya 1973 ikaitangaza ardhi yote kuwa ya serikali, na wenye jamaa Kinshasa wakajipatia vilima vizima vya malisho. Sheria ya 1981 ikawafanya maelfu ya watu walioishi hapo maisha yao yote wasijue kama ni raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, au la. Ukiuliza mzee wa Masisi vita vilianzaje, ataanzia kwenye shamba la fulani lililochukuliwa na fulani. Mtafiti Séverine Autesserre alieleza mwaka 2012 jinsi simulizi moja inayovuma, ile ya madini kama chanzo, ilivyoyafunika mambo haya yote na kuvuta fedha na macho ya wakubwa upande mmoja. Mbaya zaidi, ardhi haifungiwi lebo yenye namba. Kuisuluhisha kunataka mabaraza ya wazee, wapima ardhi, mahakimu wasiohongeka na miaka mingi. Kampeni ya siku moja haiwezi kuibeba.

Hata hivyo natofautiana na wanaosema kwamba tatizo ni kuitumia modeli yenyewe. Mtu akikataa modeli iliyoandikwa, bado anayo nyingine kichwani, na hiyo haikaguliwi na mtu. Ufundi wa kuchora mishale inayorudi nyuma umekuwapo muda mrefu: mwaka 1972 kundi la MIT likiongozwa na akina Meadows, kwa njia aliyoibuni Jay Forrester, lilijenga modeli ya dunia ambamo idadi ya watu, chakula, viwanda, uchafuzi na mali ghafi vilivutana na kusukumana. Modeli ile iliichukulia dunia kama nchi moja isiyo na mipaka wala jeshi, kwa hiyo haikuweza kusema lolote kuhusu Walikale. Lakini ilijua kwamba ukigusa kitu kimoja, vingine vinajibu. Waliochora mishale ya madini na bunduki walijua mengi zaidi kuhusu Kongo, wakachora machache zaidi.

Siku hizi ziko hesabu zinazotabiri kila mwezi ni wapi mapigano yatatokea, kama zinazofanywa na watafiti wa Uppsala na Oslo. Zina manufaa, hasa kwa anayepanga mahali pa kupeleka chakula na mahema. Ila kutabiri si kueleza. Hesabu kama hizo huegemea sana ukweli kwamba palipopigwa juzi ndipo panapoelekea kupigwa kesho, na hilo halikwambii ufunge nini wala ufungue nini. Kijana akiyachanganya haya mawili, akachukua hesabu ya kutabiri akaifanya sera, amerudi kwenye njia ile ile ya 2010.

Kuna mema yaliyopatikana, lazima niyataje. Katika machimbo kadhaa ya bati na koltani wenye silaha walipungua. Kampuni ambazo hazikuwahi kujiuliza jiwe lake limetoka wapi sasa zina ofisi nzima za kuuliza. Lakini Septemba 2014, watu 70, Wakongo kwa wageni, walipoandika barua ya wazi kulalamikia mwenendo huu, hawakuomba uchunguzi uachwe. Waliomba Wakongo washirikishwe, na wachimbaji wasaidiwe kupata njia nyingine ya kuishi kabla ya kufungiwa ile waliyo nayo. Ombi hilo lingeweza kutolewa mwaka 2009, kwa gharama ya tiketi chache za ndege na mkalimani wa Kiswahili.

Mwishoni mwa Aprili 2024, M23 waliichukua Rubaya, mji ule ule wa koltani uliowekewa lebo miaka kumi kabla. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba walikusanya humo takriban dola 800,000 kwa mwezi, kwa kutoza mawe. Januari 2025 Goma ilianguka tena. Juni mwaka huo Kongo na Rwanda zilitia saini makubaliano ya amani Washington, yakiambatana na mpango wa kuunganisha uchumi wa kanda, madini yakiwa katikati yake. Mchoro sasa umegeuzwa: madini yatavuta wawekezaji, wawekezaji wataleta kazi, kazi italeta amani. Huenda. Lakini wanaouchora wana deni la majibu, na wayatoe kabla saini haijawa sera. Kampuni yenye mashine itakapokabidhiwa kilima, maelfu wanaokichimba kwa nyundo wataelekea wapi, na nani amewauliza? Mwenye kizuizi cha kamba akikosa magunia, atamtoza nani? Shamba la Masisi lililogombaniwa tangu 1993 litaamuliwa na nani? Na vifo vya watoto wachanga katika vijiji vya jirani vitahesabiwa kuanzia mwezi wa kwanza wa mpango, au vitasubiri mtafiti aje kuvikuta miaka sita baadaye?